Sura ya Nne: Umri Unaoishia na Sifuri

Karani wa sensa anapokaribishwa katika kaya, swali linaloonekana jepesi kuliko yote ndilo linalomchukulia muda mrefu zaidi. Idadi ya vyumba anaiona kwa macho. Chanzo cha maji ataonyeshwa. Umri hauonekani wala hauonyeshwi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Mimi nitajuaje? Vita vya Iddi Amini vilinikuta nanyonyesha mtoto wa pili."

Mazungumzo ya namna hii yanajulikana kwa kila aliyewahi kubeba dodoso vijijini. Karani aliyefunzwa vizuri hamshinikizi bibi ataje namba. Hutumia kalenda ya matukio: Uhuru wa Tanganyika 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, Azimio la Arusha 1967, Vita vya Kagera dhidi ya Iddi Amini 1978 na 1979, na matukio ya pale pale kijijini kama mafuriko au njaa ambayo wenyeji wameipa jina. Anauliza bibi aliolewa lini, mtoto wa kwanza alimtangulia wa pili kwa miaka mingapi, kisha anajumlisha na kutoa. Kama ni sensa ya Agosti 2022, huenda hesabu ikamwonyesha kwamba bibi yuko kati ya miaka 63 na 67. Lakini kishikwambi hakina nafasi ya kuandika "kati ya". Kinataka namba moja, na namba inayoandikwa mara nyingi ni 65.

Kwa bibi mmoja, tofauti ya miaka miwili haina madhara. Tatizo huanza majibu yanapokusanyika, kwa sababu watu hawakosei ovyo. Wanakosea kwa kuelekea upande mmoja: kwenye sifuri, kwenye tano, na baada ya hapo kwenye namba shufwa. Sura hii inaeleza namna ya kutengeneza jedwali la marudio na kuchora histogramu, na umri ndio utakaotufundisha, kwa kuwa hakuna kipimo kingine cha dodoso kinachoonyesha waziwazi vile uchaguzi wa mchoraji unavyoweza kufichua ukweli au kuufunika.

Tuanze na data. Huu ni mfano wa kufundishia niliouunda mwenyewe, si matokeo ya utafiti wowote. Tuseme tumewauliza watu 80 wa kitongoji kimoja, wote wa miaka 25 hadi 44, kila mmoja akataja umri wake. Kazi ya kwanza ni kuhesabu kila umri umetajwa mara ngapi. Ukifanya kwa mkono, piga kijiti kwa kila jibu, na kila cha tano kikatize vinne vilivyotangulia ili jumla isomeke kwa haraka. Tunapata hivi:

Miaka 25: watu 7, 26: 3, 27: 4, 28: 5, 29: 2.
Miaka 30: watu 13, 31: 1, 32: 4, 33: 2, 34: 2.
Miaka 35: watu 8, 36: 2, 37: 1, 38: 4, 39: 2.
Miaka 40: watu 12, 41: 1, 42: 3, 43: 1, 44: 3.

Hilo tayari ni jedwali la marudio. Vitabu vingi huiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye makundi, kana kwamba jedwali la mwaka mmoja mmoja ni vumbi la kufagiwa kabla wageni hawajafika. Mimi naliona kuwa ndilo jedwali lenye thamani kuliko yote yatakayofuata. Lichore kama lilivyo, nguzo moja kwa kila mwaka. Utaona nguzo ya 30 ikiwa ndefu mara 13 ya jirani yake wa 31, na nguzo ya 40 mara 12 ya 41. Hakuna kitongoji ambako watoto huzaliwa kwa wingi mwaka mmoja, kisha wazazi wakapumzika hadi mwaka wa tano. Nguzo hizo hazizungumzii uzazi. Zinazungumzia namna swali lilivyojibiwa.

Hesabu ndogo itathibitisha. Waliotaja umri unaoishia na sifuri au tano ni 7, 13, 8 na 12, jumla 40. Kama kila tarakimu ya mwisho ingekuwa na haki sawa, tungetarajia moja ya tano ya watu 80, yaani 16. Gawanya 40 kwa 16, zidisha kwa 100, utapata 250. Hiki ndicho kipimo cha Whipple, kilichopewa jina la George Chandler Whipple wa Marekani, ambacho kwa kawaida hutumia umri wa miaka 23 hadi 62. Kikiwa 100, tarakimu za sifuri na tano hazipendelewi hata kidogo. Kikiwa 500, watu wote wametaja sifuri au tano. Kwa vigezo vya Umoja wa Mataifa, data zikizidi 175 huhesabiwa kuwa mbaya mno kwa usahihi wa umri. Za kitongoji chetu ziko huko.

Angalia pia waliobaki. Watu 26 wametaja namba shufwa zisizoishia na sifuri, na 14 tu wametaja witiri zisizoishia na tano. Miaka 38 inasemeka kirahisi kuliko 37. Mtu ambaye hana cheti cha kuzaliwa, na ambaye hajawahi kuhitaji namba hiyo kwa jambo lolote la maana, hasemi uongo anapokuambia "kama arobaini hivi". Anakupa kadirio la kweli. Sisi ndio tunaoliandika kadirio hilo kana kwamba limetoka kwenye cheti.

Sasa tuje kwenye makundi, kwa sababu hatuwezi kuyakwepa. Jedwali la mwaka mmoja mmoja la watu wa miaka sifuri hadi mia ni refu, na msomaji anataka kuona umbo la jumla. Swali la mwanafunzi huwa: nitengeneze makundi mangapi? Jibu linalofundishwa zaidi lilitolewa na Herbert Sturges mwaka 1926. Anza na moja, tafuta ni mara ngapi izidishwe kwa mbili mpaka ifikie idadi ya watu wako, kisha ongeza moja. Kwa watu 80 kanuni hiyo inatoa makundi kama saba. Miaka yetu 20 ukiigawa kwa saba, kila kundi linakuwa na upana wa karibu miaka mitatu. Tufuate kanuni:

25–27: watu 14
28–30: watu 20
31–33: watu 7
34–36: watu 12
37–39: watu 7
40–42: watu 16
43–45: watu 4

Chora. Utapata milima mitatu na mabonde mawili yenye kina kirefu kati yake. Mchunguzi mwenye hamu ya kueleza anaweza kuandika kurasa nzima juu ya milima hiyo: pengine vijana wa miaka 31 hadi 33 wamekwenda mjini kutafuta kazi, pengine wa 37 hadi 39 ni kizazi kilichopungua kwa ugonjwa. Maelezo yote yatakuwa na mantiki, na yote yatakuwa ya bure. Mlima wa kwanza umebeba 30, wa pili 35, wa tatu 40. Mabonde ni yale makundi ambayo kwa bahati mbaya hayakupata umri wowote unaoishia na sifuri au tano. Sturges alijua idadi ya watu tu. Kanuni yake haina habari kwamba majibu yanarukaruka kila baada ya miaka mitano, na upana wa tatu haupatani na mruko wa tano.

Jambo hili liliwahi kutokea kwa watu wazito. Katika karne ya 19 Adolphe Bertillon, daktari na mtakwimu wa Ufaransa, alichunguza urefu wa vijana walioitwa jeshini kutoka wilaya ya Doubs, mashariki mwa nchi hiyo. Mgawanyo wao ulikuwa na vilele viwili. Bertillon akahitimisha kwamba wakazi wa Doubs walitokana na watu wa asili mbili tofauti, warefu na wafupi, ambao hawajachanganyika vya kutosha. Hoja hiyo ilikubalika kwa miaka mingi. Mwaka 1896 Ridolfo Livi, daktari wa jeshi la Italia, alionyesha kwamba kilele cha pili kilizaliwa na hesabu, pale vipimo vilipohamishwa kati ya inchi na sentimita. Inchi ya Kifaransa ya zamani ilikuwa sentimita 2.7. Ukipanga sentimita kamili katika makundi ya inchi, baadhi ya makundi hupata sentimita tatu na mengine mbili. Kundi lenye tatu linavimba, lenye mbili linanywea, na bonde linatokea mahali ambapo hakuna aliyepungua. Makabila mawili ya kale ya Doubs yalikuwa ndani ya jedwali, hayakuwa ndani ya damu ya mtu.

Turudi kitongojini. Tukichagua upana wa miaka mitano na kuanzia 25, kama desturi ya taarifa za sensa ilivyo, tunapata 25–29 watu 21, 30–34 watu 22, 35–39 watu 17, 40–44 watu 20. Milima imetoweka. Histogramu ni tulivu, inapendeza, inafaa kuwekwa kwenye taarifa ya waziri. Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu kuliko pote, kwa kuwa utulivu huu umetokana na mipaka tuliyochagua: kila kundi limepewa umri mmoja wa sifuri au wa tano, basi kila kundi limebeba mzigo unaokaribiana. Na mzigo huo umekaa mlangoni. Miaka 30 ndiyo ya kwanza katika kundi la 30–34. Mtu wa miaka 28 au 29 aliyejibu "thelathini" amehama kundi, wakati wa miaka 31 au 32 aliyejibu hivyo hivyo amebaki nyumbani kwake. Kundi linapokea wageni kutoka chini, nalo linapoteza watu wake kwa kundi la juu.

Je, tukiweka sifuri na tano katikati? Makundi ya 28–32, 33–37 na 38–42 yana watu 25, 15 na 22. Sasa aliyesogeza umri wake kwa mwaka mmoja au miwili amebaki kundini mwake, na hilo ni jema. Lakini umbo limegeuka kuwa la kupanda na kushuka, kwa kuwa sifuri inavuta watu kutoka mbali kuliko tano: kuna mtu wa miaka 33 au 34 aliyesema 30, na wa 37 aliyesema 40. Data ni zile zile, watu ni wale wale, upana wa kundi ni ule ule. Kilichohama ni mahali pa kuanzia tu. Ukiwa na nafasi ya kuonyesha histogramu moja, onyesha ya 25–29 kwa sababu itaweza kulinganishwa na taarifa nyingine, lakini andika chini yake kipimo cha Whipple ili msomaji ajue amesimama juu ya ardhi gani.

Kuna jambo la mipaka ambalo vitabu vya shule hulifundisha vibaya kwa upande wa umri. Mwanafunzi huambiwa kwamba kundi la 25–29 lianzie 24.5 na kuishia 29.5 kwenye mhimili, ili nguzo zishikane. Kanuni hiyo ni sahihi kwa vipimo vinavyokadiriwa kwenye namba kamili iliyo karibu, mathalani urefu au uzito. Umri hatuukadirii hivyo. Mtu anaendelea kuwa na miaka 29 mpaka siku ya mwisho kabla ya kutimiza 30. Kwa hiyo kundi la 25–29 linaanzia 25 kamili na kuishia pale 30 inapoanza, na katikati yake ni 27.5, si 27. Anayetumia 27 kupata wastani atawapunguzia watu wote nusu mwaka.

Na nguzo za histogramu hushikana kwa sababu eneo lake ndilo linalowakilisha watu. Urefu wa nguzo peke yake hauwakilishi chochote mpaka ujue upana. Tuseme afisa ameunganisha makundi mawili ya mwisho: 25–29 watu 21, 30–34 watu 22, 35–44 watu 37. Akichora nguzo tatu kwa urefu wa 21, 22 na 37, atawaaminisha watu kwamba kitongoji kimejaa wa miaka 35 kwenda juu. Agawanye kila idadi kwa miaka ya kundi: 4.2 kwa mwaka, 4.4 kwa mwaka, 3.7 kwa mwaka. Kundi lililoonekana refu kuliko yote ndilo fupi kuliko yote. Kosa hili naliona mara kwa mara katika taarifa zinazogawa watu kwa makundi ya kisera, watoto 0–14, watu wazima 15–64, wazee 65 na zaidi, kisha nguzo tatu zinasimamishwa kana kwamba upana wake ni mmoja. Grafu ya nguzo inafaa kwa vitu visivyo na mfuatano wa kipimo, kama dini au aina ya paa. Umri una mfuatano, nao unastahili histogramu.

Histogramu ya mwaka mmoja mmoja ina kazi nyingine kubwa: kuonyesha mahali ambapo mtu alikuwa na sababu ya kusogeza jibu. Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alichunguza urefu wa vijana 100,000 wa Ufaransa walioitwa jeshini. Aliyekuwa chini ya sentimita 157 alisamehewa. Quetelet alikuta wafupi wamezidi matarajio kwa zaidi ya 2,000, na pengo la karibu idadi hiyo hiyo limetokea kwenye makundi yaliyo juu kidogo ya mpaka. Vijana walikuwa wamepata njia ya kupungua urefu siku ya kupimwa.

Tafiti zetu za kaya zina mipaka ya namna hiyo. Katika tafiti za afya ya uzazi zinazofanywa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, wanawake wanaohojiwa kwa kirefu ni wa miaka 15 hadi 49. Mdadisi anayemwandika msichana wa miaka 15 kuwa na 14, au mama wa miaka 49 kuwa na 50, amejipunguzia dodoso refu. Wataalamu wanaokagua ubora wa tafiti hizi katika nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi bonde kwenye 15 na kilima kwenye 14, bonde kwenye 49 na kilima kwenye 50. Makundi ya 10–14 na 15–19 hayawezi kukuonyesha nguzo mbili zilizobadilishana watu mpakani kwa uwazi huo. Msimamizi anayechora umri wa mwaka mmoja mmoja kila jioni, timu ikiwa bado iko uwanjani, anaweza kurudi kaya ile ile kesho yake. Anayechora baada ya miezi sita anaweza tu kuandika masikitiko.

Kwa tafiti za sampuli kuna hatua ya lazima kabla ya kutoa matokeo: kutumia uzito, yaani idadi ya watu wanaowakilishwa na kila jibu. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya 61,741,120 wa Tanzania nzima mwaka 2022, takriban asilimia 3. Tafiti za kitaifa huipa sehemu kubwa kuliko hiyo katika sampuli, ili Unguja na Pemba ziweze kuwa na makadirio yake. Ni uamuzi mzuri, ila unamaanisha kwamba jibu moja la Pemba haliwakilishi idadi ile ile ya watu na jibu moja la Tabora. Basi unapotafuta marudio usihesabu vichwa, jumlisha uzito wa kila jibu.

Pengine msomaji anajiuliza kama haya yote yana athari kwa mtu yeyote. Yanayo kwa mtoto. Udumavu hupimwa kwa kulinganisha urefu wa mtoto na urefu unaotarajiwa kwa umri wake wa miezi. Mama aliyepoteza kadi ya kliniki akiulizwa umri wa mwanawe husema "mwaka mmoja", "miaka miwili", na nguzo za miezi 12, 24 na 36 zinachomoza kama zile za 30 na 40. Mtoto wa miezi 21 aliyeandikwa 24 analinganishwa na wakubwa wake, anaonekana amedumaa hata kama anakua vizuri. Wa miezi 27 aliyeandikwa 24 anaonekana mzima hata kama lishe yake ni duni. Asilimia ya udumavu ya wilaya nzima inaweza kupindishwa na jambo hili, na bajeti ya lishe hufuata asilimia.

Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi na dodoso, kwenye halmashauri, shirika au chuo, fanya mambo haya. Uliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuuliza umri, na omba kuona kadi au cheti. Chora umri kwa mwaka mmoja mmoja, na wa watoto kwa mwezi mmoja mmoja, kabla hujaunda kundi hata moja. Ukishaunda makundi, andika yanaanzia wapi na kwa nini. Kama huna data zako, kitabu cha tatu cha matokeo ya sensa ya Kenya ya 2019 kina jedwali la watu kwa umri wa mwaka mmoja mmoja. Chukua miaka 23 hadi 62, jumlisha, kokotoa kipimo cha Whipple kwa mkono wako, kisha chora. Kazi hiyo inahitaji kalamu, karatasi ya grafu na jioni moja.